Ndesanjo Macha, mwalimu asiye na darasa

Najua nimepotea. Test zilinibana, halafu bumu likachelewa kama kawaida yake, mtu unaishi kwa chai na andazi mpaka unasahau kwamba una ukurasa unasubiri. Ila leo nimerudi na stori ndefu kidogo, tafuta mahali ukae.

Ilianzia kwenye vimbweta, ambako ubishi wote wa chuo hiki huanzia. Mtu katupa swali: nani amebadilisha uandishi wa habari Tanzania kuliko mwingine yeyote tangu mwaka 2000? Mmoja akamtaja marehemu Reginald Mengi. Mwingine akasema Maxence Melo na JamiiForums yake. Dada mmoja akang'ang'ania Millard Ayo, na hoja zake hazikuwa mbaya. Mimi nikasema Ndesanjo Macha. Kimya. Halafu: "Ndo nani huyo?" Na kumbuka wawili kati yao wanasomea hiyo hiyo habari pale Mikocheni.

Sikuwalaumu. Hata mimi nisingemjua kama si kaka yangu, ambaye mwaka 2006 alikuwa anahudumia intaneti kafe moja kule Tandika. Ntamrudia baadaye. Kwanza turudi nyuma, maana huwezi kuelewa alichofanya huyu bwana bila kujua alikuta nini.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sio utani. Marufuku ile ilikuja kuanza kulegezwa miaka ya 80. Mwaka mmoja tu baada ya hapo, 1975, ikaanzishwa Tanzania School of Journalism, ile TSJ ya wazee, ambayo mwaka 2003 iliingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo chuo cha kufundisha waandishi wa taifa zima kilizaliwa katika nchi ambayo kompyuta ni bidhaa haramu. Televisheni vile vile: Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 70 mwanzoni, lakini huku bara tulisubiri mpaka 1994. Nani angejifunza teknolojia, na kwa kifaa gani?

Halafu kulikuwa na Sheria ya Magazeti ya 1976. Ukitaka kuchapa gazeti, ilibidi usajiliwe kwanza. Miaka ya 90 mlango ulifunguka, magazeti binafsi yakamwagika mitaani mengine ya maana mengine ya udaku, lakini mlango ulibaki mlango na mwenye ufunguo alibaki yule yule. Wewe mwanafunzi wa Mburahati au fundi wa Keko ukiwa na jambo la kusema, ulikuwa na barua kwa mhariri. Unaandika, unatia bahasha, unasubiri. Ikitoka, imekatwa nusu.

Intaneti ilipoingia, haikubadilisha hilo mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kafe zilishaota Mwenge, Sinza, Kinondoni, Temeke, lakini watu walienda kufungua barua pepe, kujaza fomu za bahati nasibu ya Green Card na kuangalia matokeo ya mpira wa Ulaya. Mtandao ulikuwa mahali pa kusoma, tena kwa Kiingereza. Mtu wa kuandika alikuwa mwingine, yuko mbali, mzungu pengine.

Ndesanjo Macha aliingilia hapo.

Kwa taaluma ni mwanasheria na mwandishi wa habari. Wasomaji wa gazeti la Mwananchi walimjua kwa safu yake ya Gumzo la Wiki, makala za mtu anayependa kuchokonoa: ukombozi wa fikra, Uafrika, kwa nini tunaona aibu ya vyetu. Mwenyewe alikuwa akiishi Marekani, mji wa Greensboro, jimbo la North Carolina. Na hapa bahati ina sehemu yake. Miaka ile ya 2004 na 2005 Greensboro ulikuwa mji unaotajwa tajwa sana Marekani kwa mambo ya blogu. Gazeti la pale, News & Record, lilikuwa likijaribu kuwafungulia wasomaji milango waandike wenyewe, na wanablogu wa mji walikuwa wengi na wanafahamiana. Yani bwana mwenye safu kwenye gazeti la Dar amekaa katikati ya jaribio ambalo vyuo vya habari duniani vilikuja kulisoma baadaye.

Angeweza kufanya kama wengi wetu tungefanya, akaandika kwa Kiingereza apate wasomaji wa dunia. Na kweli kwa Kiingereza pia aliandika. Lakini mwaka 2004 alifungua Jikomboe, kwa Kiswahili, na wengi wanaitambua kuwa ndiyo blogu ya kwanza ya Kiswahili. Angalia jina lenyewe. Hajasema "nitakukomboa". Amesema jikomboe, kazi ni yako.

Namwita mwalimu, na rafiki yangu mmoja hapa kanipinga: "Mwalimu wa chuo gani? Ana wanafunzi gani?" Sawa, mimi hapa simtaji kama mhadhiri, wala sina orodha ya mahudhurio. Ila alichofanya na Jikomboe ni ualimu, na ualimu wa aina ambayo vyuo vyetu vilikuwa havijaanza. Pembeni ya ukurasa aliweka orodha ya wanablogu wengine wa Kiswahili. Leo unaona kitu kidogo. Lakini fikiria: anayeingia kwa Ndesanjo anatoka na anwani za watu wengine, akienda huko anakuta wengine, mwisho anajiuliza na mimi je? Magazeti hayakuwahi kufanya hivyo. Lini uliona Uhuru linakuambia nenda kasome Majira?

Sasa njoo Helsinki.

Mwaka 2003 Finland na Tanzania zilianzisha kitu kiitwacho Mchakato wa Helsinki, kuhusu utandawazi na demokrasia, ukiongozwa kwa pamoja na mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo mbili. Wa kwetu alikuwa Jakaya Kikwete. Septemba 2005 ukafanyika mkutano mkubwa kule Helsinki. Maazimio yake, mtu aliyeyasoma yote anyooshe mkono. Lakini pembeni ya mkutano Watanzania wawili walikutana: Ndesanjo Macha na Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti ya serikali, Daily News na ndugu zake, mtu ambaye kamera yake ilishapita karibu kila shughuli ya nchi hii.

Michuzi mwenyewe amelisimulia hili mara nyingi, hasa kila Septemba inapofika. Tarehe 8 Septemba 2005, Ndesanjo alikaa naye akamfungulia blogu. Bure, kwenye Blogger, huduma ambayo Google walikuwa wameinunua mwaka 2003. Hakuna ada, hakuna usajili, hakuna mhariri wa zamu. Ni picha na maneno mafupi chini yake.

Hilo ndilo darasa ninalolizungumzia. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, kompyuta moja. Hakuna desa, hakuna cheti.

Waliokuwepo wanajua kilichofuata. Kwa miaka kadhaa Mtanzania aliyekuwa Reading, Houston au Muscat alianza siku kwa "Ankal". Michuzi aliwaita wasomaji wake wadau, na neno hilo, ambalo zamani lilikuwa la semina na warsha, likawa la mtaani. Akawa "anaendeleza libeneke", na hilo nalo likashika. Picha ambazo gazeti lilikuwa na nafasi ya moja tu, yeye aliweka ishirini. Misiba, harusi, mahafali, barabara imekatika Jangwani, Mtanzania kapotea nje na ndugu wanamtafuta. Wadau wakaanza kutuma picha zao wenyewe. Mpiga picha aliyezoea kupeleka kazi kwa mhariri sasa akawa yeye ndiye anayepelekewa kazi na nchi nzima.

Na hapa ndipo kaka yangu anapoingia. Mwaka 2006, wanaoukumbuka wanaukumbuka kwa mgawo wa umeme. Mabwawa yalikauka, giza mchana kutwa. Kafe ya Tandika ilikuwa na jenereta dogo linalonguruma mlangoni, kompyuta sita, mbili mbovu. Kaka anasema wateja wake wengi hawakujua kuandika anwani. Walikuja, wakalipa, wakasema: "Kijana, nifungulie Michuzi." Mzee mmoja alikuja kila Jumamosi kwa sababu mwanae alikuwa Uingereza na aliwahi kumwona kwenye picha ya mkusanyiko wa Watanzania wa huko. Hakumwona tena, lakini aliendelea kuja. Kaka akamfundisha kushika puku (ndivyo mzee alivyokiita, "hako kapanya") na kushuka chini ya ukurasa mpaka kwenye maoni. Siku moja mzee akaomba kaka amwandikie maoni. Sentensi moja, salamu kwa wote walio mbali na nyumbani. Ikatokea pale pale. Kaka anasema mzee aliisoma kama mara tano, akauliza: "Na walioko huko wanaiona sasa hivi?"

Huyo mzee hakuwahi kusikia jina la Ndesanjo. Kaka naye wakati ule hakuwa amelisikia, alikuja kuliona siku moja kwenye ukurasa wa Michuzi. Lakini hesabu vichwa: Greensboro, Helsinki, Tandika. Mkono kwa mkono.

Nisiwe shabiki tu, niseme na ninachokiona upande wa pili. Mwalimu aliita blogu yake Jikomboe, akawa anauliza maswali magumu. Mwanafunzi wake maarufu kuliko wote akatengeneza ukurasa wa shughuli: waziri kazindua, balozi kapokea, warembo wamepiga picha. Kuchimba na kuhoji kulihamia kwingine, kwa Jambo Forums iliyoanza 2006 na kuja kuitwa JamiiForums, ambako watu walificha majina ili waseme. Je, somo lilipotoshwa? Nimelifikiria sana. Mimi naona hapana. Ndesanjo alifundisha kushika kalamu, hakufundisha cha kuandika. Ungemlazimisha Michuzi awe mchunguzi, usingempata Michuzi, na yule mzee wa Tandika asingekuja Jumamosi. Ila naelewa anayesema tofauti.

Kuna kazi yake nyingine ambayo watu huisahau zaidi, na kwangu mimi ndiyo nzito. Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo huru, ilifunguliwa 2003 ikakaa karibu tupu. Ndesanjo alikuwa miongoni mwa wachache walioanza kuijaza na kuisimamia. Agosti 2006 mpaka New York Times liliandika kuhusu Wikipedia za lugha za Kiafrika zinavyokua. Jamani, hebu jaribu wewe kuandika makala ya kamusi elezo kwa Kiswahili kuhusu, tuseme, betri. Utakwama aya ya pili. Chaji utaiitaje? Miaka ile ubishi ulikuwa mkali: kompyuta, tarakilishi, au ngamizi? Hapa hapa Mlimani, idara ya kompyuta kwa kushirikiana na Waswidi kwenye mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili kitupu, Desemba 2004. Microsoft nao wakaja na ya kwao. Martin Benjamin na mradi wake wa Kamusi alishaanza tangu 1994 kule Yale. Kwa hiyo Ndesanjo hakuwa peke yake, na sitaki umwone kama malaika aliyeshuka. Lakini wengine walitafsiri vitufe. Yeye alitaka watu waandike.

Baadaye Google walileta shindano, mwishoni mwa 2009 mpaka mwanzoni mwa 2010, wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania waandike makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa zawadi. Makala zilikuja kwa mamia, nyingine zimetafsiriwa na mashine hata hazisomeki, na wahariri wa kujitolea wakabaki kusafisha. Sisi wanafunzi, ukitutajia zawadi tu tunajua kufanya fujo.

Kwa dunia ya nje, Ndesanjo alijulikana zaidi kama mhariri wa Afrika kusini mwa Sahara wa Global Voices, mtandao ulioanzishwa na Rebecca MacKinnon na Ethan Zuckerman kutokea Harvard. Kazi yake ilikuwa kusoma wanablogu wa Kiafrika wanasema nini na kuwaeleza walimwengu. Unaweza kusema kile kiorodha cha pembeni ya Jikomboe kiligeuka bara zima.

Halafu mambo yakabadilika haraka. Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulifika Dar, intaneti ikaanza kwenda kasi. Kafe zikaanza kufa moja moja, ya Tandika nayo ikageuka duka la simu, kisha saluni. Watu wakahamia Facebook, WhatsApp, Instagram. Wanablogu wengi wa Kiswahili wa kipindi kile waliacha kimya kimya, hakuna aliyeaga.

Na mlango ukarudi. Mwaka 2010 ilitungwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta, 2015 ikaja ya makosa ya mtandao, na Machi 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Hizo ndizo zilizowaua waliobaki. Ada ya maombi shilingi 100,000, leseni ya kuanzia 1,000,000, na ada ya mwaka 1,000,000. Jumla 2,100,000 kabla hujaandika neno. Ukikaidi, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12, au vyote. Mashirika ya habari na ya haki za binadamu yalienda Mahakama Kuu Mtwara, Mei 2018 wakapata zuio la muda, halikudumu hata mwezi. Juni mwaka huo JamiiForums ilizimwa kwa muda.

Nilipiga hesabu moja. Posho ya chakula na malazi ya mkopo wa wanafunzi wakati ule ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Milioni mbili na laki moja ni posho ya siku 247. Yani mwanafunzi angekaa miezi minane bila kula wala kulala mahali ili awe na haki ya kuandika kile ambacho Ndesanjo alimfungulia mwenzake bure, jioni moja, Helsinki. Kanuni zilibadilishwa 2020 na tena 2022, ada zikashuka. Lakini waliofunga 2018 wengi hawakurudi.

Ndiyo maana jina halipo darasani. Historia ya magazeti tunafundishwa: Mamboleo ya 1923, Kwetu ya Erica Fiah ya 1937, Uhuru. Makaratasi yapo maktaba, ukipenda unakwenda unayashika. Historia ya watu walioandika Kiswahili mtandaoni kuanzia 2004 iko kwenye viungo, na ukivibofya leo vingi vimekufa. Ukurasa umehama, jina limeuzwa, picha hazifunguki. Waliosoma ule ulimwengu wako hai, wana miaka arobaini au hamsini na kitu, lakini hakuna anayewauliza.

Nilimwuliza kaka yale maoni ya mzee yalikuwa chini ya picha gani. Hakumbuki. Tumetafuta wawili jioni mbili nzima, yeye kwa simu yake mimi kwa laptop ya kuazima, mwezi kwa mwezi, 2006 yote. Misiba, harusi, mgawo wa umeme, harusi tena. Tumefika Septemba. Oktoba tutaendelea wikiendi hii nikienda nyumbani Mbagala, kama bando litatosha.

Kama wewe au mama yako au mjomba wako alikuwa na blogu ya Kiswahili miaka ile, niambie jina lake, hata kama haifunguki. Naanza kuorodhesha. Ngoja niishie hapa, kesho nina semina saa moja asubuhi na sijasoma hata ukurasa mmoja.